Boksi la sabufa la dukani nimelitoa, nimechongesha jipya Ngamiani, Tanga: haya ndo niliyoyaona

Nianze na gari ili tuelewane. Ni Toyota IST, ya mizunguko ya kila siku, asubuhi natoka nayo Sahare naenda mjini narudi, wikiendi naweza nikaishia Muheza au Pangani, kwa hiyo sio gari la maonyesho na sikuwa nataka mziki wa kutetemesha vioo vya watu mtaa mzima. Nilichotaka ni besi iliyonyooka, yani ile ukiweka dansi la zamani la Tanga hapa, Atomic Jazz au Jamhuri Jazz, unamsikia mpiga besi anatembea noti kwa noti, sio kila wimbo vuum vuum ile ile moja. Kwa miezi saba sikuipata hiyo besi, sasa hivi ninayo, na sabufa (spika ya besi) ni ile ile, ampu (kikuza sauti) ni ile ile. Kilichobadilika ni boksi na waya tu. Ndo maana naandika, maana naona watu wengi wanauza sabufa nzima wanasema mbovu kumbe kosa liko kwenye mbao.

Mwaka jana nilinunua seti kamili, duka silitaji, sabufa ya inchi 12 yenye koili mbili za ohm 4, ampu ya chaneli moja, boksi tayari limeshavikwa kapeti zuri jeusi, na pakiti ya waya. Vyote 550,000 pamoja na kufungiwa. Sabufa na ampu sina neno navyo hadi leo, ni vitu vya maana. Boksi sasa. Kwa nje lilikuwa limependeza sana, kona zimenyooka, kuna na nembo ya bati mbele. Nilipolifungua ndani ndo nikaelewa kwa nini lilikuwa linaniumiza roho: ni chipbodi nyembamba, nilipima milimita 12, zimeunganishwa kwa pini za kupiga na bunduki ya hewa, gundi hamna, silikoni hamna, mwanga unaonekana kwenye kona mbili ukiweka tochi ndani. Ukiligonga kwa kifundo cha kidole linalia kama debe. Boksi linatakiwa likae kimya kabisa, inayotakiwa kutembea ni spika peke yake, sasa ukuta ukitembea na wenyewe una spika sita ambazo hukuzinunua.

Halafu likaja la samaki. Siku moja nimetoka soko la Deep Sea na ndoo ya samaki wenye barafu, maji yakamwagika kidogo kwenye buti, sikujali, baada ya siku tatu chini ya boksi chipbodi imevimba kama mkate uliochovywa chai na skrubu za chini zinazunguka bure. Hata bila samaki, sisi watu wa pwani hewa yenyewe ina unyevu na chumvi, chipbodi na MDF ya kawaida (ubao wa unga wa mbao uliogandishwa) hazipendi maji kabisa. Hili mtu wa Tanga alifikirie kabla ya kununua chochote.

Kingine ni tundu, lile la boksi kupumulia hewa. Boksi lile lilikuwa na kibomba cha plastiki cha inchi 3, urefu kama sentimita 12, na ujazo wa ndani nilipoupima vizuri ukatoka kama lita 35. Hivi vitu vina hesabu yake. Hewa iliyo ndani ya tundu inafanya kazi kama uzito, hewa iliyo ndani ya boksi inafanya kazi kama springi, vikikutana vinakuwa na mlio wao, sawa na ukipuliza mdomo wa chupa. Chupa kubwa inalia nzito, ndogo inalia nyembamba, na shingo ikiwa ndefu mlio unashuka chini zaidi. Nilipopiga hesabu ya boksi lile ikaja karibu Hz 46, yani mitetemo 46 kwa sekunde. Karatasi iliyokuja na sabufa yenyewe inataka lita 50 na mlio wa Hz 34! Sasa unaona, kila noti iliyokaribia 46 ilikuwa inavimba na kumeza zingine, na chini ya hapo spika inacheza ovyo maana hewa haiishikilii tena, ndo ile harufu ya koili kuungua nilikuwa naisikia nikiweka singeli kwa sauti. Msitupe zile karatasi jamani. Zile namba za Fs, Qts na Vas zinaitwa za Thiele na Small, kwa majina ya wahandisi wawili, Neville Thiele aliyeandika kule Australia mwaka 1961 na Richard Small aliyeendeleza miaka ya 1970, na ndo zinazokwambia spika yako inataka nyumba ya ukubwa gani. Inchi 12 mbili za kampuni tofauti zinaweza zikataka maboksi tofauti kabisa, kwa hiyo mtu akikwambia "hili ni boksi la inchi 12" hajakwambia kitu bado, amekwambia ukubwa wa shimo.

Basi nikachora ya kwangu. Lita 50 ni hewa safi inayobaki, lazima uongeze nafasi ya vitu vinavyokaa ndani: mgongo wa sabufa kama lita 3, tundu lenyewe na ubao wake kama lita 12, na vijiti vya kukazia lita 1. Jumla 66. Vipimo vya ndani nikaweka upana sentimita 62, kimo 33, kina 32.5, ukizidisha inakuja lita 66 na nusu. Tundu sikutaka kibomba tena, nikachora la mfereji pembeni, upana sentimita 4.2, kimo chote cha 33, na urefu 62, linaingia ndani kisha linakata kona nyuma kama herufi L. Kwa nini pana hivyo, kwa sababu tundu likiwa jembamba hewa inapita kwa kasi inapiga mluzi, fyuu fyuu, na mluzi ule ukishausikia mara moja hauachi kuusikia.

Sasa fundi. Hapa ndo sifa zangu nyingi ziko. Ni mzee wa makabati na vitanda kwenye mabarabara ya Ngamiani, jina lake na barabara yake siziweki hapa maana hajaniruhusu na hana makuu. Nilifika nikampa shikamoo nikamwonyesha mchoro, akauangalia kimya muda mrefu, nikadhani hauelewi. Akaniuliza, "Mwanangu, hivi vipimo ni vya ndani au vya nje?" Hilo swali moja tu lilinitosha nikajua nimefika. Mafundi wawili wa mwanzo niliowapelekea hawakuuliza, mmoja akasema njoo kesho uchukue. Ubao wa milimita 18 unakula sentimita 3.6 kila upande ukijumlisha kuta mbili, ukikosea hapo lita kumi na kitu zinapotea bila kujua. Kwa nje boksi langu limekuja 65.6 kwa 36.6 kwa 36.1, bila kuhesabu ule ubao wa pili wa mbele nitakaoueleza chini.

Tulibishana kuhusu mbao, kwa heshima lakini tulibishana. Yeye alitaka msaji, si unajua huku Longuza Muheza msaji upo, akasema boksi la msaji litamzika mwenye gari. Ni kweli msaji ni mbao ya maisha, lakini mbao nzima inavimba na kusinyaa kwa upande mmoja kufuata msimu, kwenye kitanda haina shida, kwenye boksi linalotakiwa lisivuje hewa hata kidogo, viungio vinaachia. Plaiwudi matabaka yake yamepishana, moja limelala moja limesimama, yanashikana yenyewe kwa yenyewe haiendi popote. Nikamwambia nataka marine board ya milimita 18, ile plaiwudi inayokaa kwenye maji gundi yake haiachii. Akakubali, ila akanipeleka mwenyewe kuichagua, akawa anaangalia ubavuni kwenye kingo kama kuna mashimo kati ya matabaka, tukakataa karatasi tatu za plaiwudi kabla ya kupata moja safi. Kwa macho yangu nisingejua hilo. Karatasi moja ya futi 4 kwa 8 inatosha na inabaki, nilinunua 85,000. MDF ingekata vizuri zaidi na mlio wake uko kimya, sikatai, ila karatasi yake inafika kilo 40 hivi na unyevu wetu huu nimeshausema.

Kukata alikata yeye kwenye mashine, nikalipa 45,000 pamoja na kuchimba shimo la sabufa kwa jigsoo, na lile shimo alilifanya duara kweli, sio yai. Kuunganisha tukakubaliana nifanye mwenyewe barazani kwangu, nilitaka nijifunze na yeye ana kazi zake. Nilitumia gundi nyeupe ya mbao na skrubu kila sentimita 10, lakini kwanza unatoboa tundu dogo la kuongozea maana plaiwudi ukiingiza skrubu moja kwa moja ubavuni inapasuka matabaka. Skrubu kazi yake ni kubana tu gundi ikauke, kinachoshika ni gundi, kwa hiyo usiwe bahili wa gundi, ikitoka pembeni futa kwa kitambaa kibichi. Mbele niliweka mbao mbili zimegandana, milimita 36 jumla, maana pale sabufa inapokaa ndo panapovutwa na kusukumwa. Ndani vijiti viwili vya kukazia kutoka ukuta hadi ukuta. Nikaacha siku nzima, kesho yake silikoni kona zote za ndani, na hapa angalizo, silikoni inayonuka siki ikiwa bado mbichi usifunge spika, ule mvuke unaweza kuharibu vyuma vya sabufa. Nilisubiri siku mbili.

Kupima kama linavuja nilitumia udi. Unafunga sabufa, unacheza mlio mzito wa taratibu, unapitisha kijiti cha udi kinachofuka kwenye kila kiungio. Moshi ukinyooka juu pako salama, ukitikisika pana upenyo. Nikapata sehemu moja tu, nyuma ya kiungio cha terminali za waya, nikaiziba. Mama akapita akauliza mbona nafukiza boksi, nikamweleza, akakaa kuangalia hadi mwisho.

Kapeti nilibandika mwenyewe kwa gundi ya fundi viatu, unapaka pande zote mbili unasubiri ikauke kidogo ndo unabandika. Hapo sina la kueleza zaidi, ni uvumilivu tu.

Waya sasa, na hapa nina hasira kidogo kwa sababu ni jambo la usalama. Pakiti iliyokuja na seti imeandikwa 4 gauge. 4 gauge ya kweli ni kama milimita 21 za mraba za shaba. Nilipochuna maganda, plastiki ni nene vibaya mno na ndani kuna nyuzi kidogo, na ukikwangua uzi mmoja kwa wembe chini ya rangi ya shaba ni nyeupe, yani aluminiamu imepakwa shaba. Aluminiamu inapitisha umeme vibaya kuliko shaba, ukinzani wake unazidi kwa kama mara 1.6, kwa hiyo waya wenyewe ni mwembamba kuliko ulivyoandikwa na chuma chenyewe ni dhaifu, mara mbili umepunjwa. Nilipima kwa mita: injini inawaka, betri inasoma volti 14.1, kule kwenye ampu besi ikipiga inashuka hadi 12.9. Taa za mbele zinapumua na mziki. Na aliyefunga (simtaji) aliweka fyuzi huku nyuma kwenye buti karibu na ampu. Jamani fyuzi haikai pale! Fyuzi inalinda waya, haikai kulinda ampu, inatakiwa iwe karibu na betri, ndani ya sentimita 45 hivi, kwa sababu ule waya ukikwanguka popote kwenye bodi kati ya injini na buti na fyuzi iko mwisho, betri yote inamwagika kwenye waya na gari linawaka moto na wewe ukiwa ndani. Nilitembea hivyo miezi saba na watoto kiti cha nyuma. Kama umefungiwa mziki leo nenda kafungue boneti uangalie.

Nilichofanya ni kununua waya wa mashine ya kuchomelea, ule laini wenye maganda ya raba, milimita 25 za mraba, mita 6. Nilichuna kipande dukani nikakwangua kabla ya kulipa, shaba hadi ndani, sio kila muuzaji anao wa hivyo kwa hiyo kwangua. Unapita ndani ya bomba la plastiki la kukunjika maana raba ile na oili ya injini haviendani muda mrefu, na pale unapopenya ukuta wa bati lazima uweke raba ya tundu. Fyuzi ya ampea 60 pale pale kwenye betri. Ampu yangu nimeiseti itoe wati 400, ukiacha upotevu inavuta kama wati 500, gawa kwa 13.8 unapata ampea 36, kwa hiyo 60 inatosha na waya una uwezo zaidi ya hapo. Waya wa ardhi, ule unaotoka kwenye ampu kwenda bodi ya gari, ni mfupi, unene ule ule, nimekwangua rangi ya bodi hadi bati jeupe nikafunga kwa bolti, kisha nikapaka grisi kwa ajili ya kutu, chumvi yetu hii. Sasa hivi mita inasoma 13.8 kwenye ampu besi ikipiga. Taa zimetulia.

Waya wa sauti nimeupitisha upande wa pili wa gari, mbali na wa umeme. Mwanzo vilikuwa vimelala pamoja na kulikuwa na mluzi unaopanda ukikanyaga mafuta, umeisha.

Kuseti ampu, ile nobu ya gain sio ya sauti, wengi wanaizungusha hadi mwisho. Ni ya kulinganisha ampu na redio. Koili zangu mbili za ohm 4 nimezifunga sambamba, inakuwa ohm 2. Wati 400 mara 2 ni 800, tafuta kipeuo cha pili ni 28.3, basi unachomoa spika, unacheza mlio wa Hz 40 kwenye redio ikiwa robo tatu ya sauti, mita iko kwenye volti za AC kwenye matundu ya spika ya ampu, unazungusha taratibu hadi isome 28, unaacha. Kile kichujio cha kuzuia milio ya juu isiende kwenye sabufa nimekata Hz 80, na kile kichujio cha kuzuia milio ya chini kabisa nimeweka 27, boksi la tundu bila hicho kichujio spika inaweza kutoka nje ya njia yake.

Halafu redio. Kama IST yako bado ina redio ya Japani, kule FM yao ilikuwa inaanzia 76 inaishia 90, stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, kwa hiyo usinunue kifaa cha kudanganyia masafa, badilisha redio kabisa, upate na matundu ya RCA ya kupeleka sauti kwenye ampu.

Matokeo. Siku ya kwanza nilienda Raskazone jioni, nikapaki kuangalia bahari, nikaweka taarabu ya zamani ya Black Star, nikiwa na mzee wangu. Zile rekodi besi yake iko ndani sana, kwenye boksi la mwanzo ilikuwa haipo kabisa. Mzee alinyamaza, baadaye akasema huyo mpiga besi alikuwa anamwona jukwaani ujanani na hii ndo mara ya kwanza anamsikia kwenye gari. Sauti ilikuwa ya kawaida tu, tunaongea bila kupaza. Nikija kwenye singeli na bongo fleva, ngumi ipo, na ikishuka chini inashuka laini haidundi sehemu moja.

Kasoro zipo. Boksi ni zito, kulitoa peke yangu naumia mgongo, na limekula nusu ya buti, ndoo ya samaki sasa inakaa miguuni kwa abiria. Mlango wa nyuma ulikuwa unalia, hasa ile namba ya gari, nikaweka vipande vya sponji nyuma ya bamba ikaisha, ila barabara mbaya bado kuna kitu kinagonga ndani ya mlango sijakipata. Na mzee wa Ngamiani ni wa taratibu, alisema siku mbili ikawa tano, simu hapokei akiwa kwenye mashine. Nampa nyota 5 kwa kazi na 3 kwa muda.

Gharama nje ya vile vya mwanzo: plaiwudi 85,000, kukata 45,000, gundi skrubu silikoni na kapeti 52,000, waya fyuzi na vichwa vyake 96,000. Jumla 278,000. Boksi lile la zamani nimelivunja, sikuona vizuri kumuuzia mtu.

Ukienda kwa mafundi wa makabati, nenda na mchoro wa sentimita, andika kabisa juu yake NDANI, beba na sabufa yenyewe apime shimo mwenyewe asikate kwa kukariri inchi. Na Ijumaa usiende mchana, utakuta pamefungwa hadi watu watoke msikitini.